Myahudi wa kwanza bungeni Uingereza ni nani, Disraeli au Rothschild? Na Afrika je?

SWALI: Habari za kazi mkuu. Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna ubishi hauishi. Jamaa mmoja anadai bunge la Uingereza lilikuwa mfukoni mwa familia ya Rothschild tangu enzi za Napoleon, mwingine anasema Wayahudi walikuwa hawaruhusiwi hata kugombea, na mimi nilisoma shule kwamba Disraeli alikuwa Myahudi na akawa waziri mkuu kabisa. Ukweli ni upi? Na Afrika imeshawahi kuwa na wabunge Wayahudi, au ni wale wa Sauzi tu?

JIBU: Salama ndugu yangu. Wote watatu mmekosea kidogo kidogo, ila huyo wa mfukoni kakosea sana, maana historia yenyewe inasema kinyume kabisa. Rothschild aliyekuwa na hela kuliko karibu kila mtu London alichaguliwa kuwa mbunge na akakaa nje ya bunge miaka 11 hajaruhusiwa kukaa kwenye kiti chake. Kama ni mfukoni basi huo mfuko ulikuwa na tundu kubwa.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Kugombea hakukuwa shida, na kuchaguliwa pia. Shida ilikuwa siku ya kuapa. Mbunge wa Uingereza zama hizo alikuwa anakula viapo vitatu: cha utii kwa mfalme, cha kukubali kwamba mfalme ndo mkuu na sio Papa, na cha tatu cha kuukana ukoo wa Stuart uliofukuzwa kwenye kiti cha enzi. Kwenye hicho cha tatu mwishoni kulikuwa na maneno machache tu, kwamba mtu anaapa hayo yote "kwa imani ya kweli ya Mkristo". Hapo ndo Myahudi anayeshika dini yake anakwama, maana akitamka anadanganya mbele ya Mungu na asipotamka hajaapa.

Sasa cha kuchekesha ni kwamba maneno hayo hayakuwekwa kwa ajili ya Wayahudi hata kidogo. Asili yake ni enzi za King James wa kwanza, baada ya kundi la Wakatoliki kukamatwa mwaka 1605 wakitaka kulilipua bunge kwa baruti, serikali ikatafuta maneno mazito ya kumfunga Mkatoliki asije akaapa huku moyoni ana lake. Wayahudi wakati huo hata hawakuwepo Uingereza kisheria, walishafukuzwa mwaka 1290 na walianza kurudi kwa wazi mwaka 1656. Na huo ukoo wa Stuart ambao wabunge waliendelea kuukana? Mdai wa mwisho wa damu ya moja kwa moja alifariki mwaka 1807. Yaani miaka ya 1850 wabunge walikuwa bado wanaapa kuukana ukoo uliokwisha kuzikwa, na maneno yaliyowekwa kuwabana Wakatoliki yanambana Myahudi, huku Wakatoliki wenyewe walisharuhusiwa bungeni tangu 1829 kwa kiapo chao maalumu. Waquaker, dhehebu la Wakristo wanaokataa kula viapo, nao waliruhusiwa 1833 kutamka ahadi tu bila kiapo. Akabaki Myahudi peke yake mlangoni.

Haya, Lionel de Rothschild. Huyu ni mtoto wa Nathan, yule mwenye benki wa enzi za Napoleon ambaye jamaa yako amemsikia. Mwaka 1847 aligombea jimbo la City of London, jimbo lililokuwa linatoa wabunge 4, na mmoja wa walioshinda pamoja naye alikuwa waziri mkuu mwenyewe, Lord John Russell. Kwa hiyo hapo una mtu kashinda kihalali, rafiki yake wa tiketi moja ndo mkuu wa serikali, na bado haingii. Russell akapeleka muswada wa kuyaondoa yale maneno, bunge la chini likapitisha, ukafika kwa malodi wa bunge la juu wakautupa. Hilo bunge la chini tumezoea kuliita la makabwela, ingawa Rothschild alikuwa kabwela wa wapi sijui. Mchezo ukawa huo huo kwa miaka kumi, makabwela wanapitisha, malodi wanatupa. Maaskofu wengi waliokuwa wanakaa kule juu walipinga kwamba nchi ya Kikristo haiwezi kutungiwa sheria na asiye Mkristo. Hiyo hoja sio ngeni masikioni mwetu, badilisha dini tu utaisikia kwenye kampeni nchi nyingi.

Mwaka 1849 Rothschild akajiuzulu ili arudi kwa wapiga kura awaulize upya, wakamchagua tena. Julai 1850 akaamua kwenda mwenyewe. Akaingia ukumbini, akaenda mezani kwa karani, akaulizwa unataka kuapa vipi, akajibu anataka kuapia Agano la Kale. Basi tu hapo fujo, akaambiwa atoke nje kwanza, wabunge wakabishana kuhusu kitabu, mwisho wakakubali haya aje na kitabu chake. Akarudi, akafunika kichwa kama dini yake inavyotaka, akala kiapo cha kwanza sawa, cha pili sawa, cha tatu akaenda nacho vizuri mpaka alipofika kwenye yale maneno ya imani ya Mkristo akasema anayaacha kwa sababu hayafungi dhamiri yake, akamalizia kwa kumuomba Mungu amsaidie. Spika akamwambia atoke. Uamuzi uliofuata ni wa ajabu, bunge likasema kiti chake hakiko wazi, yeye ndo mbunge halali, ila hawezi kukaa wala kupiga kura mpaka aape kiapo kizima. Jimbo lina mbunge na halina mbunge kwa wakati mmoja.

Rothschild alikuwa mtu wa taratibu, akatoka kama alivyoambiwa. Mwenzie David Salomons hakuwa hivyo, na mimi binafsi kwenye hadithi hii nzima Salomons ndo namkubali zaidi, sijui kwa nini hatajwi sana. Alikuwa ni mtu wa benki, kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kugonga milango ya vyeo ambavyo Myahudi hajawahi kupewa mpaka sheria ibadilishwe. Mwaka 1851 akashinda uchaguzi mdogo wa Greenwich. Akaenda bungeni, akaapa kwa kuruka yale maneno, na badala ya kutoka akaenda kukaa kwenye benchi kama mbunge yeyote. Spika anamwambia toka, kakaa. Kelele ukumbi mzima. Hoja ikaletwa kwamba atolewe, ikapigiwa kura, na yeye akapiga kura kwenye hiyo hoja ya kumtoa yeye mwenyewe, afu akasimama akahutubia kwa utulivu kabisa kwamba kaja kutetea haki zake na za waliomchagua. Mwishowe askari wa bunge akaja akamgusa begani, ndo akatoka, akisema anatii nguvu tu.

Wakamshitaki. Mahakama ikampiga faini ya pauni 500, kwa wakati ule hiyo ni hela ya kutisha, kwa kosa la kupiga kura bila kuapa ipasavyo. Miaka minne baadaye, 1855, mtu huyo huyo akawa Lord Mayor wa London, Myahudi wa kwanza kushika hicho kiti, kwa sababu vyeo vya miji vilikuwa vimeshafunguliwa kwa sheria ya 1845. Ikawa Myahudi anaweza kuwa meya wa London lakini hawezi kukaa bungeni, mwendo mfupi tu kutoka hapo kando ya mto.

Na huku nyuma serikali ilikuwa haina aibu na hela ya Rothschild. Mkopo wa kusaidia njaa ya Ireland mwaka 1847, mwaka ule ule aliochaguliwa, benki yake ndo iliushughulikia. Mkopo wa vita ya Crimea vile vile. Hela yako tunaichukua, wewe baki nje. Mwambie jamaa wa grupu atafakari hapo kwanza.

Suluhu ilikuja 1858 na ilikuwa ya kiujanja ujanja, ya Waingereza hasa. Rothschild alishachaguliwa tena 1852 na 1857. Malodi wakafyeka tena kile kipengele cha Wayahudi, na bunge la chini likaunda kamati ya kuandika sababu za kutokubaliana nao, na kwenye kamati hiyo wakamweka Rothschild mwenyewe, kwa sababu kanuni zilikuwa zinamzuia asiyeapa kukaa na kupiga kura ukumbini lakini kwenye kamati ya namna hiyo zilikuwa hazisemi kitu. Yaani asiyeruhusiwa kuwa mbunge anaandaa majibu ya bunge. Malodi wakaona hii sasa inatia aibu. Lord Lucan, mwanajeshi mmoja aliyekuwa Crimea, akaleta wazo kwamba kila bunge lijiamulie lenyewe kiapo cha watu wake. Hivyo malodi wakabaki na ukumbi wao wa Wakristo na makabwela wakafungua mlango wao. Tarehe 26 Julai 1858 Lionel de Rothschild akaingia, kichwa kimefunikwa, akaapia maandiko ya Kiebrania, akaweka sahihi na kukaa.

Afu unajua alifanya nini? Alikaa bungeni miaka 15 hivi na hakuwahi kuhutubia hata mara moja. Watu huwa wananicheka nikisema hii ila ndo kumbukumbu zinavyosema, kura alipiga, hotuba hakuna. Alipigania ile haki ya kukaa na alipoipata akakaa. Salomons alirudi 1859 kwa Greenwich hiyo hiyo akawa mbunge mpaka alipofariki 1873, na huyu alikuwa anaongea. Mwaka 1866 kiapo kikaandikwa upya kwa wote na yale maneno yakapotea. Ule ukumbi wa juu ulichukua muda, Queen Victoria alimkatalia Lionel ulodi, ikabidi familia isubiri mpaka 1885 ndo mtoto wake akapewa.

Sasa Disraeli wako. Alizaliwa Myahudi 1804, hapo uko sahihi. Ila baba yake, Isaac, alikosana na sinagogi la Bevis Marks la London, walimchagua kuwa mmoja wa viongozi, yeye hakutaka, wakampiga faini ya pauni 40 kwa kukataa, ugomvi ukavutana miaka mpaka akajitoa, na 1817 watoto wakabatizwa Kanisa la Anglikana. Benjamin alikuwa na miaka 12. Kwa hiyo alipoingia bungeni 1837 aliapa "kwa imani ya kweli ya Mkristo" bila shida yoyote, alikuwa Mkristo. Asingekuwepo ule ugomvi wa sinagogi, Uingereza isingepata huyo waziri mkuu, angekwama mlangoni kama Rothschild. Na hakuwa wa kwanza wa namna hiyo, David Ricardo yule mchumi mliyemsoma kwenye biashara ya kimataifa alizaliwa Myahudi pia, akaacha dini alipooa mke wa Kiquaker, akaingia bungeni 1819. Kwa hiyo jibu lako linategemea unahesabu nini. Ukihesabu damu, kulikuwa na wabunge wa asili ya Kiyahudi miaka mingi kabla. Ukihesabu mtu aliyekaa bungeni kwa sheria akiwa anashika dini ya Kiyahudi, ni Lionel de Rothschild 1858, na Salomons ndo wa kwanza kukaa kwa nguvu.

Heshima moja tumpe Disraeli. Desemba 1847 muswada wa Russell ulipokuja, chama chake kizima karibu kilikuwa kinaupinga, yeye akasimama akautetea, na sio kwa hoja laini ya uhuru wa dini waliyoizoea, aliwaambia kwamba Ukristo wao umetoka kwa hao hao Wayahudi wanaowafungia mlango. Wenzake walichukia kweli kweli. Kiongozi wake Lord George Bentinck aliyepiga kura upande mmoja naye alilazimika kuachia uongozi kwa sababu ya ishu hiyo. Na 1858 mlango ulipofunguliwa, Disraeli alikuwa ndo kiongozi wa shughuli za serikali bungeni.

Usidhani hii ilikuwa Uingereza tu. Kwenye koloni lake la Kanada ya Chini, ambayo leo ni Quebec, mfanyabiashara Ezekiel Hart alichaguliwa mji wa Trois-Rivières mwaka 1807, baraza likamtoa 1808 kwa sababu ni Myahudi, wapiga kura wakamrudisha, wakamtoa tena 1809. Ila pale siasa za Wafaransa na Waingereza zilikuwa ndani yake, Hart alionekana ni kura ya upande wa gavana Mwingereza, dini ikawa kisingizio kizuri. Cha kushangaza koloni likaitangulia nchi mama, mwaka 1832 Kanada hiyo hiyo ikapitisha sheria ya haki sawa kwa Wayahudi.

Marekani, katiba yao ilikataza tangu mwanzo sharti la dini kwa vyeo vya taifa, kwa hiyo drama ya kiapo hawakuwa nayo kule juu, ingawa majimbo yalikuwa na vizuizi vyao, Maryland mpaka 1826 na New Hampshire mpaka 1877. Seneta wao wa kwanza wa asili ya Kiyahudi ni David Levy Yulee wa Florida, 1845, akafuatia Judah Benjamin wa Louisiana 1853. Watu wanapenda kuwataja hawa kwa kujivunia ila mimi huwa naongeza na upande wa pili, wote wawili walikuwa na mashamba na watumwa, na Benjamin akawa waziri wa majimbo ya kusini yaliyopigana ili utumwa ubaki. Kushindwa kwao kulipokuja akakimbilia Uingereza akawa wakili mkubwa tu. Mbunge wa dini ndogo sio lazima awe mtetezi wa wanyonge.

Haya tuje huku kwetu, maana najua hapa ndo ulikuwa unasubiri. Sauzi lazima tuanze na Helen Suzman, na tafadhali usimuweke kapu moja na makaburu wa apathaidi. Wazazi wake walikuwa wahamiaji Wayahudi kutoka Lithuania, akaingia bungeni 1953 kwa jimbo la Houghton, Johannesburg. Chama chake cha Progressive kilipogombea 1961 kikaanguka kote kasoro yeye, akabaki mbunge peke yake wa chama hicho mpaka 1974, miaka 13. Fikiria bunge zima la wanaume weupe, sheria ya 1963 ya kumweka mtu ndani siku 90 bila mashitaka inaletwa, hata chama kikuu cha upinzani kinaiunga mkono, anayepinga ni huyo mama mmoja. Alikuwa anatukanwa kwa Uyahudi wake humo humo ndani, anapigiwa kelele arudi Israel, arudi Moscow. Silaha yake ilikuwa maswali ya kibunge, kila wiki anauliza wangapi wamekamatwa, wangapi wamehamishwa, wangapi wamechapwa viboko, na serikali inalazimika kujibu kwenye kumbukumbu rasmi. Waziri mmoja akamlalamikia kwamba maswali yake yanaiaibisha nchi nje, akamjibu kinachoaibisha sio maswali, ni majibu yenu. Mwaka 1967 akafika Robben Island akaongea na Mandela gerezani.

Zambia walikuwa naye Simon Zukas, huyu wengi hawamjui na ni aibu. Kazaliwa Lithuania 1925, akaja Northern Rhodesia akiwa mtoto, akajiunga na Waafrika kupinga shirikisho la wazungu la Rhodesia na Nyasaland, Waingereza wakamfukuza nchini 1952. Baada ya uhuru akarudi, na siasa za vyama vingi zilipokuja akaingia serikali ya rais Chiluba mpaka uwaziri. Mwaka 1996 katiba ilipobadilishwa kuweka sharti la wazazi wa mgombea urais, kipengele ambacho kila mtu alijua kinamlenga Kaunda, Zukas akajiuzulu uwaziri. Na mtu wa juu kabisa kwenye lile shirikisho alilolipinga, waziri mkuu Roy Welensky, baba yake alikuwa Myahudi wa Lithuania vile vile. Wote wawili asili moja, nchi moja, kila mmoja upande wake, hapo nadharia ya "Wayahudi wanapanga pamoja" inakufa yenyewe.

Na Uganda ndo karibu na wewe zaidi. Kule Mbale kuna jamii ya Abayudaya, Waafrika weusi wanaoshika dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu, yule jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuteka mashariki, alipokosana nao na kuifuata Torati karibu 1919. Usichanganye na ule mpango wa 1903 wa Waingereza kuwapa Wayahudi wa Ulaya ardhi, watu wanauita wa Uganda lakini ardhi yenyewe ni Uasin Gishu, Kenya ya leo, na ulikufa 1905. Hawa hawahusiani nao kabisa. Idi Amin aliwapiga marufuku, wakasali kwa kujificha, wengi wakahama dini. Sasa rabi wao, Gershom Sizomu, aliyesomea urabi Los Angeles, alichaguliwa 2016 kuwa mbunge wa Bungokho North kwa tiketi ya FDC, chama cha upinzani. Abayudaya wote kwa pamoja ni watu elfu mbili tatu hivi, kwa hiyo jimbo kama lile huwezi kushinda kwa kura za sinagogi, waliompa ni Wakristo na Waislamu, majirani zake. Mambo aliyokuwa akiyapigia kelele ni yale yale ya mbunge yeyote wa huko, maji, zahanati, shule. Uchaguzi wa 2021 kiti kikaenda kwa mtu wa chama tawala, NRM, naye akarudi kwenye kazi yake ya urabi kule kilimani Nabugoye.

Kwenye grupu wape hiyo ya Salomons kwanza, kupiga kura kwenye hoja ya kumtoa yeye mwenyewe, ubishi utahamia huko.